Mtoto Aliyelia Usoke

Bani halilali, kwa hiyo nasi hatulali.
Kapela kachochea mdomo wa tanuru,
moto ukaonyesha meno, ukafumba.
Akasema: Mimi Ndekeja nilimwona,
mwaka ule chama cha msingi kilipotulipa kwa wakati.
"Basi hiyo ni ndoto," Nyanzala akadakia,
tukacheka hadi majani yakatuponyoka kwenye fito.

Nilimwona, akashikilia Kapela,
kwa macho haya haya yanayowashwa na moshi.
Uwanja wa gulio, Usoke, taa ya karabai,
kaketi juu ya kreti la soda,
zeze kaliegemeza kifuani
kama mtu aliyepewa mgonjwa ambebe.
Hakusalimu. Alikohoa.
Na kikohozi chenyewe kilianzia pale pale
wimbo ulipoanzia.

Kreti lilikuwa la bia, akasema Kashindye,
na kikohozi alikuja nacho kutoka Sikonge.
Alilala kwetu. Baba alimpa asali ya nyuki wadogo,
dawa ya kifua, kibuyu kizima;
alfajiri kaondoka, na kibuyu kaondoka nacho.
Mpaka leo tunamdai.
(Alivyolitamka lile "tunamdai"
ungedhani ni heshima waliyopewa.)

Nyanzala yeye alikuwa mstari wa tatu,
bibi harusi wa wiki mbili,
mumewe anamvuta mkono: twende, giza limeingia.
Ndekeja akakata ubeti katikati, akaupinda:
Wewe mwenye kitenge cha tausi,
mwambie huyo, njia haina miguu, haitamkimbia.
Uwanja mzima ukageuka.
"Kitenge ninacho bado," akasema Nyanzala.
Akafunga fundo, akalikaza kwa meno.
"Mume, hapana."

Sasa yuko Ndono, wanasema.
Vidole vimejikunja kama majani ya juu, yale ya mwisho kuiva.
Redio kaiweka mapajani
anangoja watamke jina lake.

Ndipo wakafika pale ambapo kila mwaka hufika:
mtoto alilia.
Uta wa zeze ukasimama hewani.
Mleteni, akasema Ndekeja, huyo anayenijibu.
Akampakata, akaweka kibuyu cha zeze juu ya tumbo lake,
akamalizia wimbo polepole, nusu ya sauti,
na mtoto akanyamaza, na gulio likanyamaza,
hata mashine ya kusaga, aliapa Kapela,
ambayo haijawahi kumnyamazia mtu.

"Mtoto yule ni mimi," akasema Mayunga.
Gindu akainuka upande wa pili wa fito:
Wewe? Ni mimi! Mama alinitajia hadi kofia niliyovaa!
Nami nilinyamaza,
kwa kuwa mtoto yule ni mimi.
Nina alama chini ya kitovu, duara, ndogo,
nimeishi nayo miaka thelathini na mbili
nikiiita Ndekeja.

Mama yangu hakuinua kichwa.
Alichagua jani, akalinusa, akaliweka.
"Siku ile Usoke hakulia mtoto," akasema.
"Alilia mbuzi wa Mpuya, kafungwa nyuma ya choo.
Ndekeja akasema mleteni, akaletwa.
Akampakata. Akamwimbia mbuzi, kweli kweli, mpaka mwisho.
Sisi ndio tulisema mtoto.
Nani atembee kutoka Usoke mpaka kwake, usiku, kwa miguu,
aende akasimulie mbuzi?"

Tanuru likapasua gogo.
Kashindye alitaka kucheka, akaacha.

Mayunga akasema, kwa sauti ya chini sana:
Lakini mimi kile kibuyu nakikumbuka, mama.
Kilikuwa cha baridi. Halafu kikawa kinatetemeka.

Mama akamtazama kwa muda.
"Basi kumbuka," akasema,
akamsogezea fito nyingine.

Nami, kama mtu anayejikuna,
nikapenyeza mkono chini ya shati,
nikaugusa ule mduara
harakaharaka,
nisije nikaulizwa.