Kutunzwa

Santuri kumi na moja niliziuza Marianna usiku ule,
pesa nikazitia kwenye kopo la kahawa,
na mwenye ukumbi akamlipa shangazi yangu
sahani mbili za kambare wa kukaanga,
akasema, "Verlene, wewe ni wa hapa hapa."
Mcheza kwao hutunzwa, wamesema waliosema.
Tulikula garini, miiba tukaitupia mashamba ya pamba.

Verlene Stubblefield ni dereva wa basi la shule.
Saa kumi alfajiri injini, saa nne usiku gitaa,
katikati hapo usingizi wa kuibaiba.
Albamu yake ya bluzi tuliirekodi kwenye duka la dobi lililofungwa;
ukitega sikio wimbo wa tatu
utasikia bomba likidondosha maji.
Tuliliacha. Lilishika mapigo kumshinda Otha.

Ndipo fomu ikaja, kurasa mbili:
kundi la wasio na kampuni, wasio na meneja,
waliojitolea wenyewe mfukoni.
Nakala nane, ada dola thelathini na tano.
"Hiyo ni tairi," akasema shangazi,
"tairi kuukuu, lakini tairi."
Nililipa mimi, kutoka kwenye kopo.

Watu wanane wasiojuana, kila mmoja jikoni kwake
(mmoja, nasikia, ni daktari wa meno huko Iowa),
walisikiliza, wakatia alama, wakachuja,
mpaka mamia yakawa majina matano.
Kisha kura zikaenda kwa wanachama,
walipa ada wa kila mwaka,
postamasta, wajane, fundi wa lifti,
na sanduku likafungwa, na mhasibu akahesabu
bila kupiga hata mluzi.

Memphis. Vitambaa vyeupe mezani, vijiko vitatu kwa mlo mmoja.
Gauni la kijani, pini mgongoni mahali zipu ilipogoma.
Wakasoma jina.
Halikuwa lake.
Kijana wa Oregon, Thaddeus Quillen:
nilimchukia kwa muda wa makofi,
kisha akapiga gitaa, chuki ikakosa pa kukaa.
Shangazi akaninong'oneza, "Huyu naye anaijua njaa."

Nilidhani yameishia pale, kwenye maegesho,
tukitafuta funguo.

Wiki sita baadaye bango la Greenville
liliandika MTEULE WA TUZO
kwa herufi kubwa kuliko jina lake.
"Nimekuwa mkia wa neno," akacheka,
huku akihesabu dola mia nne,
bila samaki.
Mtangazaji wa usiku wa manane huko Ubelgiji
aliomba asimuliwe habari za lile bomba.
Mji mmoja Norwei, wenye theluji mpaka madirishani,
ukatuma tiketi tatu na swali: mnakula nini?

Na figo za Otha zilipochoka,
chama kilekile kilifungua mfuko wake.
Hawakuuliza kama tulishinda.
Waliuliza, "Unapiga nini?"
"Ngoma."
"Basi tuletee bili."

Neno ni moja, kutunzwa:
kupewa zawadi mbele ya watu,
na kuangaliwa usije ukafa peke yako.
Lugha iliyalaza chumba kimoja mambo haya mawili,
nami miaka yote nilikiona kitanda kimoja tu.

Kikombe hatuna. Ukutani kuna msumari
alioupigilia shangazi kabla ya Memphis, kwa haraka yake;
sasa anatundika kofia ya kazi.

Jumatatu, basi la manjano, mtoto wa kiti cha mbele:
"Bi Verlene, ulishinda?"
"Kaa chini," akasema. "Tunavuka reli."