Kurudi Nyuma na Tela

Foleni ya malori Malaba imefika hadi kwa muuza chapati
na mimi niko chini ya tela la saba tangu alfajiri,
nasugua tope la Juba kwenye matairi ya watu.
Miaka minne nayaosha. Nayajua kwa tumbo:
lipi linavuja dizeli, lipi breki zake hulia,
dereva yupi hulala na viatu.
Sijawahi kuwasha hata moja.

Mfukoni nina karatasi mbili, zimeanza kulowa.

Ya kwanza ni ya kampuni, ina nembo ya simba mwenye mabawa.
Miezi mitatu Jinja, chakula na kitanda,
hulipi hata senti, Asege, hata senti,
alisema karani, akinisogezea kalamu kabla sijakaa.
Kisha miaka mitatu niwaendeshee,
mshahara ukimegwa kila mwezi kwa jina la marejesho,
na cheti changu kikae kwenye kabati lao
hadi siku ya mwisho.
Nikiondoka mapema nalipa yote, na faini juu.
Mstari huo niliusoma mara mbili.
Herufi zake ndogo kama sisimizi.

Ikwap, mtoto wa mama mkubwa, alitia saini.
Leo anavaa koti lenye mistari inayong'aa usiku,
amejenga vyumba viwili vya bati, wanawe wanasoma.
Lakini siku tuliyomzika babake
alipita hapo barabarani na mzigo wa saruji,
saa ya kampuni ikimhesabu,
akapiga honi ndefu, mara tatu.
Sisi kaburini tukainua vichwa.
Konzi yake ya udongo niliitupa mimi.

Karatasi ya pili imechanwa kwenye daftari la hesabu.
Ni ya Okware, dereva mstaafu, mguu mmoja wa chuma.
Anafundisha kiwanjani nyuma ya kilima cha Osukuru
kwa Fuso lenye umri wangu na tela la kuazima;
mapipa mawili ndiyo geti, ndiyo bandari, ndiyo mpaka.
Milioni mbili na nusu. Mafuta juu yako.
Leseni ikitoka ni yako, kazi katafute mwenyewe,
na mwanamke, aliniambia bila kunificha, atabisha hodi nyingi.
"Mguu huu," akaugonga kwa spana, ukalia,
"nilikuwa peke yangu, bila tajiri.
Ningekuwa wa kampuni wangenilipa walau kisigino."
Muuzaji anayekuonyesha mwenyewe ufa wa chungu chake!
Nilitamani angenidanganya kidogo.

Somo la kwanza alinipa bure:
kurudi nyuma.
Ukitaka tela liende kulia, kata usukani kushoto.
Usilifuate kwa moyo. Tazama kioo.
Nikalikunja kama panzi aliyevunjika, pipa likaanguka,
watoto wa wavunja mawe wakacheka hadi wakakaa chini.
Mara ya kumi na moja likaingia.
Nikabaki nimeshika usukani,
viganja vyangu vikinuka kama vya mtu mwingine.

Mama ana ng'ombe mmoja.

Jioni nilimsomea karatasi zote mbili kwa sauti,
pamoja na wale sisimizi.
Alikuwa anapepeta mtama, hakusimamisha ungo.
"Nenda kwa kampuni," akasema. "Bure ni bure."
Makapi yakaruka.
"Hilo kabati lina kufuli?"
"Lina kufuli."
"Na ufunguo?"
Sikujibu.
"Nenda kwa kampuni," akarudia, kwa ukali sasa,
akaweka ungo chini, akajipangusa,
akaenda kwenye kigingi
akaanza kufungua kamba.

Fundo lilikuwa limelowa mvua, gumu.
Nikamshikia tochi.