Kwa Herufi

Fundi Mbwana Mhina hutoza kwa herufi.
Alifika Barabara ya Kumi na Nne, ngazi begani,
kopo la buluu, kopo la nyeupe,
akauliza, "Tuandike nini, Mama Hoza?"
Nikasema: KITANDA NA KIFUNGUA KINYWA.
Akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia,
akaazima vyangu.
"Ishirini na tatu. Elfu tatu kila moja."

Nilikuwa nimeshanunua mashuka.
Nilikuwa nimeshamlipa fundi bomba
aliyeniachia bomba linalolia usiku kama mtoto wa paka.
Kiinua mgongo cha miaka thelathini ya kupiga chapa
katika ofisi ya katani
kilikuwa kimebaki mgongo tu.
Nikasema, vinywa watajifungulia wenyewe. Andika CHAI.

KITANDA NA CHAI.
Kumi na tatu. Ukuta ukabaki mtupu upande wa juu.

Hoza akasema siku hizi mgeni haji kwa ukuta,
huja kwa simu.
Akakipiga picha chumba namba mbili, amesimama juu ya ndoo,
ili dirisha lionekane na gereji ya Shekiondo isionekane.
Kwenye picha chumba changu kina upana wa msikiti.
Mgeni wa kwanza alipofungua mlango
aliusukuma tena, kana kwamba kingine kiko nyuma yake.
Nikamwambia mwanangu: futa.
Piga umesimama chini, kama mtu.

Waliokuja kwa chai walikuta sinia.
Mbaazi za nazi zilizoiva taratibu tangu usiku,
vitumbua, mkate wa kumimina wenye hiliki,
chungwa la Muheza lililomenywa, limebaki na shuka lake jeupe.
Neno likiwa fupi, mkono uwe mrefu.
Hesabu hiyo niliijua kabla ya mashine ya chapa.

Bwana Lyimo, mkaguzi wa mizani kutoka Moshi,
alinipa nyota tatu.
Chai safi, aliandika, godoro safi,
jogoo wa jirani hana adabu.
Nilisoma mara nne, mara mbili kwa miwani.
Nilitaka kumjibu kwamba jogoo si wangu,
angekuwa wangu kuamshwa kungelipiwa.
Sikujibu. Nilihamishia kitanda ukuta wa pili,
na mwezi uliofuata akarudi na mwenzake.

Watu husema juu ya mji huu: waja leo, waondoka leo.
Wasemao hawana vyumba vinne vya kujaza.
Mimi huweka taulo mbili kitandani,
ya leo, na nyingine ambayo sisemi ni ya lini.

Masika, saa tano usiku, hodi.
Fundi Mbwana, bila ngazi, mfuko wa rambo mkononi,
amegombana na mkewe kwa jambo asilotaka kulitaja.
Kulala na chai, elfu kumi na nane.
"Sina," akasema, "lakini nina brashi,
na ukuta wako wa juu una njaa.
KARIBU. Herufi sita."
Tukapeana mikono.

Alfajiri simu yake ikalia. Mke amesamehe, au amechoka.
Alitoka mbio, birika bado halijachemka.
Bila chai ni elfu kumi na tano.
Naye ni mtu wa hesabu.

Sasa ukuta wangu unasema KARIB,
kwa buluu iliyokolea, na chini yake KITANDA NA CHAI.
Hoza anaona aibu.
Elfu tatu ninayo. Ninayo hadi leo.
Maana haipiti siku mtu asisimamishe baiskeli,
akapiga kengele, akaita kutoka barabarani,
"Mama, herufi moja imedondoka!"
Namuuliza ni ipi.
Anaitamka, midomo imechongoka
kama ya mtu anayepoza chai,
nami namvutia kiti.