Ndoo ya Sekunde Nne

Wanasema Malkhazi Tvauri anarudi Chiatura.
Neno hilo limeshinda wiki nzima
likipanda na kushuka na vibehewa vya nyaya,
likafika hadi juu, machimboni kwa manganizi,
na jana usiku Guliko aliniletea mkate wa jibini,
akautua mezani ungali unafuka,
akasema, "Filamu mpya. Miaka kumi na mmoja kimya, sasa mpya."
Akakaa bila kuvua koti,
kana kwamba habari yenyewe ina mguu mmoja nje.

Nilikuwa na miaka tisa. Aliniona kwenye foleni ya mkate
akasema, "Huyu. Mpeni ndoo."
Mara kumi na saba nikavuka uwanja wa stesheni, thelujini,
mara kumi na saba maji yakamwagika pasipo pake,
naye hakunigombeza. Alivua glavu zake akanivika.
"Usibebe ndoo," akasema. "Beba maji."
Sijamwelewa hadi leo,
nami ndoo nimezibeba maisha yangu yote.

Kwenye filamu naonekana sekunde nne.
Nimezihesabu: moja, mlango. Mbili, mgongo wangu.
Tatu, theluji. Nne, nageuka,
na kabla uso haujafika, wamekata.
Ughaibuni walisimama kumpigia makofi.
Mama alizima redio: "Hata jina lako hawakuandika,"
akaendelea kumenya viazi.

Nisimdanganye mtu: namngoja.
Ila aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humshtua.
Ile ya mwisho tulikwenda kuitazama Kutaisi,
watu kumi na wanne, basi dogo la kukodi.
Farasi katika ukungu. Ukungu. Farasi tena.
Bwana mmoja akaongea na kioo dakika arobaini.
Eteri, dada wa Malkhazi wa tumbo moja,
alilala begani mwangu akikoroma kwa adabu.
Kurudi, hakuna aliyefungua kinywa
mpaka dereva, aliyeingizwa bure, aliposema,
"Farasi walikuwa wazuri."

Na sasa je? Ana miaka themanini na moja,
jicho la kushoto limefunga utando.
Fedha, eti, ni za kampuni ya manukato.
Hadithi hakuna aijuaye: wengine, kiwanda kilichofungwa;
wengine, mama yake; padri kasikia ni habari za Mungu
na hajafurahi.
Saba, mjukuu wa Guliko, asomaye filamu Tbilisi,
anasema mzee hana jipya, anatembezwa na heshima tu.
Nikamuuliza, "Na wewe jipya lako liko wapi?"
Akanionyesha simu.

Siogopi filamu mbaya.
Filamu mbaya hukulia saa mbili, ikakurudisha nyumbani na njaa,
basi.
Naogopa aje asimamishe kamera palepale,
akute reli imeng'olewa, stesheni ni duka la vipuri,
aagize theluji ya povu,
aagize msichana mwingine wa miaka tisa,
na msichana huyo asimwage hata tone.

Leo asubuhi wamekuja wawili, jaketi za manjano,
wanapima uwanja kwa utepe.
Binti kaniuliza wapi atapata kahawa.
Nikamwelekeza: pita daraja, mlango wa kijani.
Akashukuru. Hakuuliza la pili,
nami la pili lilinifika kooni likakaa.

Ndoo ile ya bati ilikwisha kuliwa na kutu.
Hii ni ya plastiki, ya bluu, mpini umefungwa waya.
Nimeijaza hata hivyo.
Nimevuka ua, taratibu, nikijaribu
kusahau ndoo.
Yamemwagika kidogo, upande wa kushoto.
Guliko alikuwa dirishani, pazia mkononi,
wala hakucheka.
"Rudia," akasema.