Robo Kilo ya Funguo

Jumamosi ya mwisho ya Septemba
jua lilipanda ngazi zetu pale Huruma
mpaka ghorofa ya tano, bila kupumzika,
likapiga hodi kwenye pazia zito la Julai.
Nikalishusha. Vumbi likainuka
kama wageni waliokumbushwa kuwa saa zimekwenda.

Kipupwe kizima tulijifunika tulichokuwa nacho:
blanketi, sweta juu ya sweta, manung'uniko.
Mawingu yalikaa chini chini juu ya mabati
kama kifuniko cha sufuria isiyo na moto.
Na mwenye baridi hatupi kitu.
Kila tambara ni tumaini.

Basi nikaanzia chini ya kitanda.
Pasi iliyoniunguza, nayo ikaungua.
Chaja nne za simu zilizokwisha kuibwa.
Kiatu kimoja cha Mutinda, cha chekechea,
na Mutinda sasa ana ndevu, anachimba visima Lodwar,
hupiga simu kuuliza kama huku kumenyesha.
Risiti za hospitali, zimefifia hata deni halisomeki.
Nilizisoma hata hivyo.

Nyaboke wa mlango wa pili akachungulia:
"Unahama?"
"Sihami. Nahamisha."

Halafu kopo la Kimbo, zito, likilia ndani.
Funguo.

Huu wa Kawangware, chumba cha mabati:
mvua ikinyesha hatukusikiana, tukapatana.
Huu wa Kangemi: mwenye nyumba alifunga maji, akafunga na salamu.
Huu wa Githurai. Tulihama usiku, godoro kichwani,
kodi ikibweka nyuma yetu.
Huu wa Mathare Kaskazini, alikozaliwa Mutinda, stima zikiwa zimepotea.
Huu wa Jericho; nyumba ilivunjwa,
ufunguo umebaki kama jino kiganjani.
Huu sijui. Nimeugeuza mara tatu. Nao haunijui.

Mbithi alikuwa akisema, "Usitupe ufunguo,
hujui dunia itakurudisha mlango gani."
Dunia haikunirudisha popote.
Wala yeye haikumrudisha.

Chini, sauti: "Vyuma! Betri! Chupaaa!"
Lusweti na mkokoteni wake,
ua la mjakaranda limenata kwenye gurudumu,
sijui amelitoa mtaa gani wenye miti.
Nikashuka na blanketi za kuanika begani,
pasi kwapani, kopo mkononi.
Akamwaga, akapima, akafunga jicho moja.
"Robo kilo, mama."

Nyumba tisa, robo kilo.
Miaka ishirini na sita, shilingi kumi na tano.
Sikubishana.

Nikaanika blanketi, nikapanda, mikono myepesi,
nikijisikia kama shati lililotoka kwenye maji.
Ghorofa ya tano, kufuli likanitazama.
Nikapapasa mfuko wa leso, mfuko wa sweta, kifua.
Ndipo nikakumbuka: mikono ilipojaa
niliutumbukiza na ule wa mlango.

Mbio! Ngazi zote, ndara moja ikibaki ya tatu,
nikiruka dimbwi la kinyozi, nikipiga kelele:
"Lusweti! Umeondoka na nyumba yangu!"
Mtaa mzima ukacheka. Hata mimi, nikihema.

Akamwaga gunia njiani. Tukachuchumaa.
Hatukutafuta sana. Zile nyingine zilikuwa na kutu,
nyekundu, zimelala.
Mmoja tu uling'aa kwa kuguswa kila siku.

"Huu," nikasema. "Huu bado unafungua."

Akapima upya. Akanidai shilingi mbili.
Nikalipa.

Sasa ni jioni. Dirisha liko wazi,
blanketi zinanukia jua,
na hapa chini ya kitanda pamebaki sakafu tupu.
Nimepiga magoti nikiikagua
kama mtu anayeonyeshwa chumba cha kupanga.
Kumbe tulikuwa nacho siku zote.
Na kodi yake nilishalipa.