Mkanda wa Nyuma

Tulifika Rustavi kabla ya jua, watano
ndani ya kigari kilichoumbwa kwa watatu:
Otia kwenye usukani, magoti karibu na masikio,
mimi kando yake na daftari,
mapacha nyuma wakigombea dirisha moja linalofunguka,
na kati yao mama mkwe, Tsiuri,
na goti lake la kushoto, ambalo lingestahili kiti chake peke yake.

Juma lililopita tuliketi ndani ya jipya, kule Tbilisi,
kwenye duka la vioo. Plastiki bado vitini.
Kilomita kumi na moja.
Kijana mwenye tai akatuandikia mkopo: miaka saba.
Nikajumlisha. Mapacha wataota ndevu
na sisi bado tunalipia tairi la tatu.
Otia aliufunga mlango polepole, kama anayetoka msibani.

Basi, Rustavi. Magari uwandani hadi macho yachoke,
yamevuka bahari kutoka minada ya Marekani,
mengine yalishuka bandarini pua zimepondeka,
yakanyooshwa, yakapakwa wanja.
Na hii hapa saluni ya kijivu, miaka sita,
si kubwa, si ndogo,
na mwenyewe, Gocha, akiifuta boneti
kwa mkono wa koti hata hatujasalimiana.
Chema chajiuza, wanasema. Huyu hakunyamaza.
"Ilikuwa ya mwalimu. Kanisani na sokoni tu."

Otia alilala kwenye barafu akachungulia tumbo lake.
Mimi nikapitisha sumaku niliyoifunga kitambaa,
mlango kwa mlango. Ikashika. Ikashika.
Juu ya gurudumu la nyuma ikateleza, ikaanguka:
pale si bati, pale ni puti na maneno.
"Mkwaruzo tu," akasema Gocha. Dola mia mbili zikashuka.

Lakini injini iliitika kwa mzungusho wa kwanza.
Oili rangi ya asali. Gia ziliingia bila ugomvi.
Buti likameza madumu mawili ya divai ya baba
na nafasi ikabaki ya kuonea fahari.
Mapacha wakaketi, viwiko visigusane,
jambo ambalo hatujaliona tangu wazaliwe,
na hata kabla.
Nikaanza, Mungu anisamehe, kuipenda.
Nikaiona Agosti, njia ya mlimani, kona baada ya kona,
na hakuna anayetapika.

Tsiuri hakuuliza kilomita.
Aliingia nyuma, akanyoosha goti. Likanyooka lote.
Akavuta mkanda ajifunge,
akavuta tena, na tena, mpaka ukagoma,
kisha akaulaza mapajani, akavaa miwani.
Miaka thelathini na moja kiwanda cha nguo:
yeye hasomi gari, anasoma uzi.

Pale mkanda unapojificha mwanga usiufikie
palikuwa na mstari, mnyoofu kama wa rula.
Juu kijivu. Chini rangi ya chai ya maziwa.
Akakwangua kwa ukucha; vumbi laini likamwangukia sketi.
"Tope," akasema. "Gari hili lilizama.
Maji yalifika hapa."
Na akamgusa pacha wa kulia kifuani.

Gocha akaacha kufuta.
Dola mia tano zikashuka, kisha elfu.
Otia akanitazama, nami nikalitazama daftari langu,
kurasa nne, mistari yote imetiwa tiki,
na hakuna mahali nilipoandika *maji*.

"Alitoka?" Tsiuri akauliza.
"Nani, mama?"
"Mwalimu wako. Yalipofika hapa, alikuwa ametoka?"

Bei alikuwa nazo nyingi. Jibu la hilo hakuwa nalo.
Alitazama viatu vyake kwa muda,
halafu akaurudisha mkanda mwenyewe, taratibu,
akiushika asije ukachapa mlango.

Tulirudi watano. Goti lilinichoma mgongoni
kupitia kiti, njia nzima.
"Mwezi ujao tena," akasema Tsiuri, karibu na daraja.
"Nitakuja na ile miwani nzuri."