Mita Mia Nne

Nilianzia Igawilo, penye bomba la shule,
si mlangoni kwetu:
baiskeli inalala sebuleni, ramani haina siri,
na mwizi naye ana simu.

Saa kumi na mbili na dakika tano. Ukungu.
Simu nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu iliyochoka,
inahesabu kila mwinuko, kila nilipokata pumzi.
Lami niliwaachia wenye malori ya Kasumulu;
mwaka juzi moja lilimparuza Ambakisye
na gunia lake la viazi. Mpaka leo akisikia honi
mkono unatafuta breki, hata akiwa mezani.
Kwa ajili yake natafuta njia ya nyuma.

Kwenye kioo mlima ni kijani kitupu,
kana kwamba hapa Uporoto hajawahi kupita mtu.
Lakini magurudumu yetu yanajua:
kushoto penye mikaratusi mitatu,
beba baiskeli begani pale kwenye gogo la mto,
maji usinywe, ng'ombe wako juu,
halafu panda. Panda tena. Tukana kidogo. Panda.

Programu ikaniuliza: uso wa njia ni upi?
Lami, changarawe au udongo?
Nikatafuta "utelezi wa Aprili", haumo.
Nikatafuta "mbwa wa akina Nzowa hulala katikati,
mpigie mluzi, usimpigie kengele",
hakuna kisanduku.
Nikaandika udongo.

Kilichoninyima usingizi ni mstari mwekundu
unaokata shamba la pareto la mama Tumwitikege.
Alinifungulia ua mwenyewe, siku ya mvua ya mawe,
akasema, "Pita, mwanangu."
Alisema pita.
Hakusema piteni.

Nikaushika mstari kwa kidole,
nikauvuta nje ya maua, nukta kwa nukta,
hadi kwenye njia ya mikokoteni. Mita mia nne zaidi,
zote mlima.
Nikabonyeza: shirikisha wote.

Wiki ya pili mgeni wa Makambako akaandika:
"Njia tamu, ila pale juu inazunguka bure.
Mbona upenyo upo?"
Ambakisye ameshaipita mara tatu na viazi vyake,
anahema, analalamika mlima,
honi hajaisikia.

Mgeni sikumjibu.
Jioni nilipita paretoni peke yangu,
nimeshuka, naisukuma baiskeli taratibu,
nisiangushe hata ua moja.